Dola 1,200 zilizobaki Houston: kisa cha dipoziti chini ya sheria ya Texas

Familia ya watu watano iliyoletwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ilipanga nyumba ya vyumba viwili kusini-magharibi mwa Houston kwa miaka mitatu. Kodi ilikuwa dola 1,150 kwa mwezi, na dipoziti waliyoweka siku ya kuingia ilikuwa dola 1,200. Walipopata nyumba kubwa zaidi walitoa notisi ya maandishi ya siku 30 kama mkataba ulivyotaka, wakalipa kodi ya Mei yote, wakafagia na kudeki, na tarehe 31 Mei baba wa familia akakabidhi funguo ofisini. Dada wa mapokezi alimuuliza wanahamia wapi. Akamtajia mtaa na namba ya nyumba kwa mdomo, wakaagana vizuri.

Juni ikapita bila hundi wala barua. Alipopiga simu Julai aliambiwa dipoziti yote imeliwa na zulia na rangi, na kwamba huenda bado anadaiwa. Familia hii ni ya mfano, lakini vifungu, siku na viwango tunavyovitumia hapa chini ndivyo vilivyo katika sheria ya Texas, na mtiririko wa mambo ni ule ule unaowakuta wapangaji wengi wanaozungumza Kiswahili kuanzia Houston hadi Dallas, Abilene na Amarillo. Wengi huishia kwenye ile simu. Wanaambiwa hakuna hela, wanaamini, wanaacha.

Kabla ya kitu kingine, ni sheria ipi inayohusika? Shemeji aliyeko Minneapolis alishawaambia kwa simu kwamba mwenye nyumba ana wiki tatu tu. Kwa Minnesota yuko sahihi. California ni siku 21, New York ni siku 14, Ohio na Texas ni siku 30. Dipoziti ya nyumba ya kupanga ya kawaida haisimamiwi na sheria moja ya nchi nzima. Kila jimbo limetunga yake, na inayotumika ni ya jimbo ilipo nyumba, hata kama mmiliki anakaa jimbo lingine au wewe umeshahamia kwingine. Kwa Texas, fungua Property Code, yaani sheria za mali za jimbo, Sura ya 92, kuanzia kifungu 92.101 hadi 92.109. Ni kurasa chache na zinasomeka bure kwenye tovuti ya Bunge la jimbo. Sura hiyo humzungumzia mpangaji, na katika vifungu hivi haiulizi ana karatasi gani za uhamiaji. Mwenye hati ya ukimbizi, mwenye green card na anayesubiri kesi yake ya hifadhi wote ni wapangaji mbele yake.

Kosa lililoiumiza familia hii halikuwa zulia wala rangi. Lilikuwa anwani. Kifungu 92.103 kinamtaka mwenye nyumba arudishe dipoziti ndani ya siku 30 tangu mpangaji alipokabidhi nyumba. Lakini 92.107 kinasema hawajibiki kurudisha hela wala kutoa maelezo ya makato mpaka mpangaji ampe anwani yake mpya kwa maandishi. Kuitaja mapokezi, au kuisema kwenye simu, hakutoshi. Kwa hiyo Juni yote familia ilikuwa ikisubiri saa ambayo haijaanza kuhesabu, na ofisi ilikuwa na kisingizio halali cha kukaa kimya.

Habari njema imo katika kifungu hicho hicho: kuchelewa kutoa anwani peke yake hakumpotezei mpangaji haki ya dipoziti. Haki ipo, imelala, na karatasi moja inaiamsha.

Karatasi hiyo iandikwe kwa Kiingereza, na iwe fupi. Weka tarehe, jina lililo kwenye mkataba, anwani ya nyumba uliyotoka pamoja na namba ya chumba, tarehe uliyorudisha funguo, kiasi cha dipoziti, anwani yako mpya kamili, na sentensi moja ya kudai hela yote irudishwe ndani ya siku 30 au upewe orodha ya makato kwa maandishi. Usilalamike humo, usieleze shida za nyumbani, na usikiri chochote kuhusu hali ya nyumba. Piga picha barua iliyosainiwa kabla ya kufunga bahasha. Posta, mwambie karani unataka Certified Mail yenye Return Receipt. Utapewa namba ya kufuatilia, na baadaye kadi yenye saini ya aliyepokea itarudi kwako. Ukiituma na kwa barua pepe pia ni vizuri, kama nyongeza. Anayekuja kukataa mbele ya hakimu kwamba alipata anwani yako atashindwa na ile kadi.

Baba huyu alituma barua tarehe 8 Julai, ikapokelewa tarehe 11. Kuanzia hapo hesabu ni nyepesi: siku 30 zinaisha tarehe 10 Agosti. Wakili wa mpangaji angeweza kubishania tarehe ya mapema zaidi, lakini sisi tunahesabu kwa njia inayomfaa zaidi mwenye nyumba, ili asipate pa kushika.

Jibu lilifika mwishoni mwa Agosti. Muhuri wa posta ulisomeka 22 Agosti. Tunza bahasha. Watu hutoa karatasi ya ndani na kutupa bahasha, kumbe chini ya kifungu 92.1041 mwenye nyumba huhesabiwa kuwa amewahi iwapo alitia barua posta na ikapigwa muhuri ndani ya muda. Muhuri huo unaweza kumwokoa, na hapa ndio uliomfunga: amechelewa siku 12.

Ndani kulikuwa na orodha hii: kubadilisha zulia la sebule dola 650, kupaka rangi nyumba nzima 400, usafi 175, mlango wa bafu wenye tundu 140, mapazia ya vipande ya dirishani 35. Jumla dola 1,400. Dipoziti yote imekwenda, na familia inadaiwa dola 200 zaidi.

Tuichukue moja moja, tukishika kipimo cha sheria yenyewe. Kifungu 92.104 kinakataza kukata dipoziti kwa uchakavu wa kawaida, na 92.001 kinaueleza uchakavu huo kuwa ni ule unaotokana na matumizi yaliyokusudiwa ya nyumba. Usiohesabiwa ni uharibifu wa uzembe, ajali au matumizi mabaya ya mpangaji, wa nyumbani mwake au wageni wake.

Zulia. Lilikuwepo familia ilipoingia, na mwenye nyumba mwenyewe katika barua za nyuma aliwahi kuandika kwamba liliwekwa miaka sita kabla yao. Kwa hiyo lilikuwa na miaka tisa. Kulala nyuzi njiani pa kupita na kupauka karibu na dirisha ni uchakavu wa kawaida. Palikuwa na doa moja la mafuta ya mawese, upana wa kiganja, karibu na mlango wa jikoni, na hilo tusilifiche: doa ni ajali ya mpangaji. Lakini anayeharibu kitu kikuukuu halipi bei ya kipya. Sheria ya Texas haina jedwali la umri wa mazulia, hivyo hoja hujengwa kwa akili ya kawaida, na kuna kipimo kinachowasaidia mahakimu kuiona: IRS, idara ya kodi ya shirikisho, inawaruhusu wenye nyumba za kupangisha kuhesabu zulia kuwa mali ya miaka 5. Kipimo hicho hakimfungi hakimu. Ila mwenye nyumba anayedai dola 650 kwa zulia la miaka tisa itabidi aeleze thamani gani ilikuwa imebaki. Hapa ni kidogo mno, au hakuna.

Rangi. Miaka mitatu ya kuishi, alama za mikono ya watoto usawa wa kiuno, matundu madogo ya misumari ya picha. Kupaka rangi upya baada ya muda huo ni gharama ya biashara ya kupangisha. Ingekuwa tofauti kama ukuta ungekuwa umechorwa kwa kalamu za wino au umepakwa rangi nyekundu bila ruhusa.

Usafi. Jambo la ubishi wa kweli. Mkataba ulitaka nyumba iachwe safi, na jiko la kuokea lilikuwa na mafuta yaliyoganda. Video ya siku ya kuondoka ilionyesha sakafu, friji na bafu vikiwa safi, ila haikufungua jiko hilo. Hakimu anaweza kukubali sehemu ya dola 175. Video ya kuondoka ipite kila mahali: fungua jiko la kuokea, friji, kabati zote, kimbiza maji kila bomba, geuza kamera juu darini na chini kwenye zulia. Na ibaki kwenye simu iliyoirekodi. Picha au video iliyopita WhatsApp hupoteza taarifa za tarehe zilizofichwa ndani ya faili.

Mlango wa bafu. Tundu lilitokana na mtoto kuusukuma kwa nguvu. Familia inawajibika, na dola 140 kwa mlango wa ndani na kazi ya kuufunga si bei ya kushangaza. Tunashauri wakiri hili tangu mwanzo. Mdai anayekubali analodaiwa kihalali husikilizwa zaidi kwenye yale anayoyapinga.

Mapazia yalikauka kwa jua la Texas na kukatika yenyewe. Hapo hapana uzembe wala ajali ya mpangaji; ni uchakavu wa matumizi ya kawaida.

Kwa haki tupu, bila adhabu, mwenye nyumba angeweza kubaki na dola 140 za mlango na labda kitu kidogo cha usafi, akarudisha kama dola 1,060. Lakini amechelewa, na kuchelewa Texas kuna uzito wake. Kifungu 92.109 kinasema asiyerudisha dipoziti wala kutoa orodha ndani ya siku 30 huchukuliwa kuwa ametenda kwa nia mbaya. Ni dhana ya kisheria: mzigo unahamia kwake kuiondoa, kwa mfano kwa kuthibitisha sababu ya kweli iliyomchelewesha. Pia ni juu yake, si juu ya mpangaji, kuthibitisha kwamba kiasi alichokata kilikuwa cha haki. Kwa hiyo anatakiwa alete risiti na picha.

Dhana ikisimama, matokeo ni mawili. Aliyeshikilia hela kwa nia mbaya hulipa dola 100, jumlisha mara tatu ya kiasi alichoshikilia isivyo halali, jumlisha gharama za wakili wa mpangaji kama alikuwepo. Na asiyetoa orodha kwa nia mbaya hupoteza haki ya kubaki na sehemu yoyote ya dipoziti, na hupoteza hata haki ya kushtaki kwa uharibifu wa nyumba. Zile dola 200 za juu zinaanguka hapa.

Hesabu inatoka hivi. Hakimu akiona dola 1,200 zote zilishikiliwa isivyo halali: 3,600 na 100, yaani dola 3,700. Akiukubali mlango: 1,060 mara tatu ni 3,180, na 100, yaani dola 3,280. Akiona hapakuwa na nia mbaya: dola 1,060 au pungufu kidogo. Mpangaji aingie mahakamani akizijua namba zote tatu, maana mwenye nyumba anaweza kumfuata nje ya mlango wa chumba cha mahakama na kumwambia achukue dola 600 yaishe.

Kuna mambo ambayo yangeweza kuivunja kesi hii. Mnamo Mei mama wa familia alipendekeza wasilipe kodi ya mwezi wa mwisho, dipoziti ifidie. Huko nyumbani wengi wamezoea kumalizana hivyo na mwenye nyumba. Texas, kifungu 92.108 kinakataza, na anayefanya hivyo kwa nia mbaya anaweza kudaiwa mara tatu ya kodi aliyozuia pamoja na gharama za wakili. Mwenye deni la kodi lisilobishaniwa hapewi hata orodha ya makato. Walilipa Mei, na walitunza vishina vya money order. Bila vishina, neno lao lingepambana na daftari la ofisi. Kuhusu notisi ya kuhama, mkataba unaweza kuifanya sharti la kurudishiwa dipoziti, lakini sharti hilo halina nguvu isipokuwa limepigiwa mstari au limeandikwa kwa herufi nzito zinazoonekana wazi. Fungua mkataba uangalie. Wao walitoa notisi kwa wakati, hivyo hoja haikuzuka. Jengo likiuzwa katikati ya upangaji, mmiliki mpya anabeba wajibu wa dipoziti.

Sasa mahakama. Inayohusika inaitwa Justice Court, na husikiliza madai hadi dola 20,000. Harris County imegawanywa katika maeneo manane, kila eneo likiwa na mahakama mbili. Fungua kesi katika eneo ilipo nyumba uliyotoka. Ada ya kufungua ni dola 54, na juu yake kuna ada ya konstebo kumpelekea mdaiwa samansi, ambayo kila kaunti hupanga yake. Asiyeweza kulipa anajaza fomu ya Statement of Inability to Afford Payment of Court Costs na kuambatanisha uthibitisho wa SNAP (msaada wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) kama anapokea. Hakuna aibu katika fomu hiyo. Imewekwa ili umaskini usimfungie mtu mlango.

Pagumu ni jina la mdaiwa. Bango la getini huwa na jina la biashara la jengo, na ukishtaki bango unaweza kupata hukumu isiyokamata mtu. Mwenye nyumba kisheria ni mmiliki au aliyesaini kama mpangishaji. Kifungu 92.201 kinampa mpangaji haki ya kuomba kwa maandishi jina na anwani ya mmiliki, na jibu linatakiwa ndani ya siku 7, lakini ombi hilo ni bora litumwe ukiwa bado unakaa pale. Ukishahama, tafuta anwani ya jengo kwenye tovuti ya ofisi ya kaunti inayothamini majengo kwa ajili ya kodi, upate jina la kampuni, kisha umtafute wakala wake wa kupokea samansi kwenye kumbukumbu za jimbo. Jina la mdai nalo liwe lile lililo kwenye mkataba. Hapa ni la baba.

Baada ya samansi kufika, mdaiwa ana siku 14 za kujibu. Asipojibu unaweza kuomba hukumu ya upande mmoja, ukiambatanisha kiapo kuhusu kama yumo jeshini au la. Akijibu, utapangiwa siku. Omba mkalimani kwa maandishi mara unapofungua kesi, usingoje siku yenyewe, na utaje ni Kiswahili cha wapi. Mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, na mkalimani wa Mombasa wataelewana, lakini kwenye maneno ya hela na tarehe hupaswi kubahatisha. Usimtumie mtoto. Kanuni za mahakama hii zinaruhusu pia, kwa sababu nzuri na kwa idhini ya hakimu, ndugu au rafiki asiyelipwa akusaidie. Lone Star Legal Aid huhudumia Houston, Legal Aid of NorthWest Texas huhudumia Dallas, Fort Worth, Abilene na Amarillo, na TexasLawHelp.org ina barua na fomu za bure.

Chapisha kila kitu nakala tatu: mkataba, risiti ya dipoziti, notisi, barua ya 8 Julai na kadi yake, orodha na bahasha yenye muhuri, vishina vya kodi, picha. Maelezo yako yafuate tarehe: nilikabidhi funguo siku hii, anwani ilipokelewa siku hii, siku 30 ziliisha siku hii, orodha ilitumwa siku hii. Dakika tano zinatosha. Zulia lijadiliwe baadaye, akiuliza.

Aliyeshindwa ana siku 21 za kukata rufaa, na kesi husikilizwa upya katika mahakama ya kaunti. Mdaiwa akikata rufaa kwa dhamana, dhamana ni mara mbili ya hukumu, jambo linalowafanya wengi wafikirie mara mbili. Ukishinda na asilipe, mshahara wa mtu Texas haukamatwi kwa deni la aina hii, lakini mwenye nyumba ana kitu ambacho wadaiwa wengine hawana: nyumba ya biashara. Omba hati ya Abstract of Judgment, yaani muhtasari wa hukumu, kwa karani, uisajili kwenye kaunti ilipo mali yake. Hapo hukumu yako inakaa juu ya mali yake iliyoko katika kaunti hiyo, isipokuwa nyumba anayoishi mwenyewe, na akitaka kuuza au kukopea atakukuta.

Na zile dola 200 zikipelekwa kwa wakusanyaji madeni wakati kesi haijaisha, sheria ya shirikisho inakupa siku 30 tangu upokee taarifa yao ya kulithibitisha deni ili ulipinge kwa maandishi. Ukifanya hivyo ndani ya muda, wanapaswa kusimamisha ukusanyaji mpaka watume uthibitisho. Ambatanisha nakala ya bahasha ya 22 Agosti, uitume kwa Certified Mail kama ile ya kwanza.